Kukadiria thamani ya kiuchumi ya burudani za nje katika bonde la mto: mwongozo kamili

Mto una thamani za aina mbili kwa wanaokwenda kustarehe kwake, na watu huzichanganya mno. Ya kwanza ni fedha inayozunguka: mgeni anakuja kuvua kwa ndoana, analala, anakula, anajaza mafuta, na fedha hiyo inawalipa mishahara watu wa hapo. Huo ni mchango kwa uchumi wa eneo. Ya pili ni faida anayobaki nayo mtu mwenyewe. Kama alikuwa tayari kutoa 70 ili apate siku yake mtoni na imemgharimu 45, ile 25 ni yake. Haikupita dukani wala benki, lakini ipo, na mto ukiharibika ataipoteza. Wachumi huiita ziada ya mlaji.

Mfikirie mtu anayeishi mita mia mbili kutoka mtoni na kuogelea kila jioni. Hatumii hata senti. Katika kipimo cha kwanza ni sifuri. Katika cha pili huenda yeye ndiye anayefaidi kuliko wote. Usipojua unapima kipi, utamfuta mtu huyo bila kujua kuwa umemfuta.

Fedha katika mifano hii imeandikwa bila jina la sarafu, na tarakimu za mifano ni za kuonyesha hesabu tu. Weka zako.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

Liandike kabla ya kununua kifaa chochote. "Wageni wa mto huu wanaongeza kipato kiasi gani katika wilaya tatu zinazouzunguka?" ni swali la mchango kwa uchumi. "Watumiaji wa mto watapoteza nini maji yakipungua msimu wa kiangazi?" ni swali la ziada ya mlaji, tena la mabadiliko. "Mto wetu una thamani gani?" si swali linalojibika, kwa sababu hakuna anayependekeza kuufuta mto wote duniani. Maamuzi huhusu tofauti: bwawa lijengwe au lisijengwe, njia ya miguu ifunguliwe au ifungwe, maji taka yasafishwe au yaachwe. Ukishalipata swali, andika pia mwaka unaopimwa na watu ambao faida yao inahesabiwa.

Hatua ya 2: Chora ramani mbili

Bonde la mto ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji yake huishia katika mto huo. Mpaka wake hupita juu ya migongo ya vilima na haujali wilaya wala mkoa. Ili kuuchora, pakua data za miinuko za SRTM. Zilipimwa kutoka chombo cha anga za juu Februari 2000, na hutolewa bure kwa vipande vya takriban mita 30. Zifungue katika programu ya bure ya QGIS, ziba mashimo ya uongo yaliyomo katika data, kisha chagua pointi ya chini kabisa ya sehemu ya mto inayokuhusu. Programu itaonyesha kila mahali panapotiririkia hapo. Halafu nenda ukakague kwa macho sehemu za tambarare. Huko ndiko data hukosea zaidi, maana mfereji mmoja au tuta la barabara linaweza kuyageuza maji yote.

Ramani ya pili ni ya uchumi: maeneo ya utawala ambayo takwimu za ajira na mishahara hukusanywa kwayo. Ramani hizi mbili hazitalingana. Usizilazimishe. Ya kwanza hukuambia ni shughuli zipi za nchi kavu zinazoathiri maji. Ya pili hukuambia fedha imebaki wapi. Ukiipanua ya pili, kizidishi (namba inayoonyesha fedha ya mgeni inazunguka kiasi gani katika eneo, tutaifikia Hatua ya 6) kitakua na idadi ya "wageni" itapungua, kwa hiyo iamue mapema na usiiguse tena baada ya kuona matokeo.

Hatua ya 3: Orodhesha shughuli na uchague kipimo kimoja

Kuogelea, kuvua kwa ndoana, kuendesha mitumbwi na rafti, kupiga kambi, kutembea kwa miguu, kutazama ndege, kukaa tu kando ya maji. Hiyo ya mwisho husahaulika mara nyingi, na katika mito mingi ndiyo yenye watu wengi. Anayevua ili auze hayumo. Hiyo ni kazi yake, na ihesabiwe kwingine.

Kisha amua utahesabu nini. Ziara ni safari moja ya mtu mmoja, kutoka nyumbani hadi kurudi. Siku-mtu ni mtu mmoja kwa siku moja, hata kama amekaa saa mbili tu. Familia ya watu wanne iliyopiga kambi siku tatu ni ziara 4 na siku-mtu 12. Ukizidisha siku-mtu kwa matumizi ya ziara nzima, umekuza jibu mara tatu, na hakuna msomaji wa jedwali la mwisho atakayeligundua kosa hilo.

Hatua ya 4: Hesabu watu

Hapa ndipo bajeti iende. Kila tarakimu inayofuata itazidishwa kwa idadi ya watu, kwa hiyo kosa la asilimia 40 katika hesabu hii ni kosa la asilimia 40 hadi ukurasa wa mwisho. Uchambuzi, hata uwe wa kitaalamu kiasi gani, hauwezi kulirekebisha.

Mashine ya kuhesabu inayotambua joto la mwili ifungwe mahali ambapo njia ni nyembamba na watu hupita mmojammoja. Ielekeze kwenye kitu kigumu, kama shina la mti mnene au ukuta. Ukiielekeza kwenye maji yanayometa au majani yanayotikisika juani, itahesabu upepo. Usiiweke karibu na ubao wa matangazo au benchi, kwa kuwa mtu akisimama hapo na kusogeasogea atahesabiwa mara tano. Kwa magari, mpira wa kuhesabu hutandazwa kukatiza barabara na husoma ekseli: mbili ni gari moja, lakini gari linalokokota tela husoma zaidi. Idadi ya watu ndani ya gari ihesabiwe kwa macho. Wanaoelea na maji kutoka juu hadi chini wahesabiwe mahali pa kutokea tu, la sivyo kundi moja litaonekana makundi mawili.

Mashine haihesabu watu, inahesabu mikatizo. Lazima uisahihishe. Kaa karibu nayo saa 10, zilizogawanywa katika siku zenye watu wengi na siku tulivu, ukiandika wanaoingia na wanaotoka. Tuseme mashine imesoma 340, nawe umeona waliopita 408: walioingia 220 na waliotoka 188. Imepunguza, kwa sababu wawili wakipita bega kwa bega huonekana mmoja. Wengi hapa huchukua 408 ÷ 340, wanapata 1.2, kisha wanagawanya kwa mbili wakidhani kila aliyeingia alitokea papo hapo. Mwezi wenye mikatizo 5,100 unawapa ziara 3,060. Lakini wapo waliotokea njia nyingine. Tumia walioingia peke yao: 5,100 × 220 ÷ 340 = 3,300. Tofauti ya watu 240, bila kununua kifaa kipya.

Usipoweza kuhesabu kila siku, gawa siku katika makundi kabla ya kuchagua za kwenda uwandani. Msimu wa siku 120 una siku za kazi 84, za wikendi 32 na sikukuu 4. Umehesabu siku 6 za kazi ukapata wastani wa watu 40, siku 8 za wikendi wastani 210, na sikukuu zote 4 wastani 900. Jumla ya msimu ni:

84 × 40 = 3,360
32 × 210 = 6,720
4 × 900 = 3,600
Jumla: 13,680

Sasa chukua siku zako zote 18, tafuta wastani wa pamoja (karibu 307), uzidishe kwa 120. Utapata 36,800. Data ni zilezile, jibu ni karibu mara 2.7. Kosa hili ni la kawaida mno kwa sababu watafiti hupenda kwenda siku zenye watu, na hakuna ubaya kwenda siku hizo ilimradi kila kundi la siku lizidishwe peke yake.

Siku za kazi ziteuliwe kwa bahati nasibu. Ukiziteua kwa kutazama hali ya hewa, umechagua siku nzuri.

Hatua ya 5: Dodoso

Mhoji mtu akiwa anaondoka, si akiwa anaingia. Anayeingia hajui atatumia nini. Simamisha kila mtu wa tano au wa kumi kulingana na msongamano, na katika kundi chagua mtu mzima ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu zaidi, ili usiishie kuongea na dereva au mcheshi wa kundi. Andika pia waliokataa, saa yao na ukubwa wa kundi lao.

Maswali yasizidi dakika nane. Yanayohitajika:

- Ametoka wapi, kwa usafiri gani, wangapi ndani ya chombo.
- Je, mto ndio sababu kuu ya safari, au amepita tu akielekea kwingine?
- Atakaa siku ngapi, na leo amefika sehemu gani nyingine za mto huu?
- Ametumia nini ndani ya eneo la utafiti kwa saa 24 zilizopita: malazi, chakula, mafuta, dukani, ada, vifaa vya kukodi.
- Amekuja mara ngapi kwa miezi 12 iliyopita.
- Mto huu ungekuwa umefungwa leo, angekwenda wapi?
- Kipato, kwa kuonyesha kadi yenye viwango. Ataje herufi tu.

Swali la matumizi lionyeshe wazi kama ni ya mtu mmoja au ya kundi. Likiachwa hewani, nusu watajibu hivi na nusu vile, na hutaweza kuwatenganisha tena. Majibu ya "mara ngapi" yatarundikana kwenye 5, 10, 12 na 20, maana watu hukadiria. Ndivyo kumbukumbu ilivyo.

Sampuli ya watu 400 hukupa asilimia zenye kosa la takriban 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Hilo ni kwa maswali ya ndiyo na hapana. Matumizi ya fedha ni jambo lingine: wachache hutumia sana na huvuta wastani, kwa hiyo kundi lolote unalotaka kulitaja peke yake, kama wapiga kambi au waogeleaji, lipate angalau watu 100.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata wenye uzoefu. Anayekuja mara 12 kwa mwaka ana nafasi mara 12 ya kukutana nawe kuliko anayekuja mara moja. Kama kipimo chako ni ziara, hilo ni sawa, kwa sababu umeteua ziara. Kama unataka kusema juu ya watu ("asilimia fulani ya wageni wanatoka nje ya eneo"), kila jibu lipewe uzito wa 1 gawanya kwa idadi ya ziara zake.

Hatua ya 6: Mchango kwa uchumi wa eneo

Endelea na ziara 13,680. Tuseme asilimia 60 ni za watu wa nje ya eneo: 8,208. Kati yao, asilimia 75 walikuja kwa ajili ya mto: 6,156. Hawa peke yao ndio wanaoleta fedha mpya. Mwenyeji asingekwenda mtoni, yaelekea angetumia fedha yake mahali pengine palepale wilayani.

Kila ziara imetumia 50: malazi 20, chakula cha mgahawani 14, mafuta 12, dukani 4. Usizidishe 50. Fedha ya mafuta haibaki. Inakwenda kwa mwagizaji na msafishaji, na kituo kinabaki na faida yake ya uuzaji. Ikiwa faida hiyo ni asilimia 10 kwa mafuta na 30 kwa duka, kinachobaki ni 20 + 14 + 1.2 + 1.2 = 36.4. Zidisha kwa 6,156, unapata karibu 224,000.

Kizidishi ndicho kinachoonyesha fedha hiyo inazunguka mara ngapi zaidi: mgahawa unanunua mboga, mpishi anakata nywele. Hutoka katika jedwali la mahusiano ya sekta, mbinu aliyoijenga mchumi Wassily Leontief, ambayo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Tumia kizidishi cha eneo lako. Eneo dogo lina kizidishi kidogo, kwa kuwa fedha huvuja haraka kwenda mijini. Kwa 1.3, mauzo ya eneo yanakuwa takriban 291,000.

Linganisha na njia ya mkato: ziara zote 13,680 mara 50, mara kizidishi cha taifa cha 2. Jibu ni 1,368,000, zaidi ya mara nne na nusu. Takwimu ya namna hiyo hupendeza kwenye hotuba, kisha mtu mmoja makini huibomoa hadharani na kila mnachosema baadaye kuhusu mto hakiaminiki. Kumbuka pia kuwa mauzo si kipato. Taja kando ongezeko la thamani na mishahara. Daima ni pungufu ya mauzo.

Hatua ya 7: Ziada ya mlaji kwa gharama za safari

Mwaka 1947 mchumi Harold Hotelling aliiandikia barua idara ya hifadhi za taifa ya Marekani na kueleza wazo hili, na mchumi mwenzake Marion Clawson akalifanyia kazi mwaka 1959. Kiingilio kinaweza kuwa bure, lakini kufika si bure. Anayetoka mbali analipa bei kubwa zaidi kwa siku ileile ya mto, na huja mara chache. Ukiziweka pamoja gharama na idadi ya ziara, umeupata mkunjo wa mahitaji, yaani mstari unaoonyesha watu huja mara ngapi kwa kila bei.

Kwa kila aliyehojiwa, tafuta gharama ya kwenda na kurudi. Aliyetoka kilomita 60 amesafiri 120, kwa 0.2 kila kilomita ni 24, na wakiwa watatu garini ni 8 kwa mtu. Hesabu mafuta na uchakavu tu, si bima ambayo angeilipa hata gari likikaa. Muda nao una bei: kwa kawaida huchukuliwa theluthi moja ya mshahara wa saa. Saa 3 kwa mshahara wa 6 ni 18, theluthi yake ni 6. Jumla 14. Malazi na chakula viache nje, kwa kuwa mtu huchagua mwenyewe alale na ale kwa kiasi gani. Weka gharama ya kufika mahali mbadala alipopataja kama kigezo cha pili. Ukiiacha, mto wako utaonekana wa thamani kuliko ulivyo.

Idadi ya ziara ni namba kamili isiyo hasi, kwa hiyo tumia rigresheni (hesabu inayoonyesha ziara zinavyobadilika gharama ikibadilika) ya Poisson, au ya binomia hasi ikiwa majibu yametawanyika sana kuliko wastani wake. Programu ya R hufanya zote mbili bure. Waliohojiwa mtoni wote wamekuja angalau mara moja, na wa mara nyingi wamezidi. Kwa Poisson marekebisho ni mepesi ajabu: toa 1 kutoka idadi ya ziara za kila mtu kabla ya kukokotoa. Kwa binomia hasi kutoa 1 hakutoshi. Inahitaji fomula yake.

Ziada kwa kila ziara ni 1 gawanya kwa kizigeu cha gharama (namba ambayo rigresheni inaipa gharama), bila alama ya hasi. Kizigeu kikiwa −0.04, ziada ni 25. Ikiwa uhakika wa asilimia 95 unakiweka kati ya −0.05 na −0.03, ziada iko kati ya 20 na 33. Kwa ziara 13,680 ni 342,000, kati ya 273,600 na 456,000. Wenyeji wamo humu, tofauti na hatua ya 6. Waliopita njia wakielekea kwingine waondolewe katika rigresheni, na ziara zao zihesabiwe kando kwa thamani ndogo au zisihesabiwe kabisa, ilimradi useme ulichofanya.

Hatua ya 8: Unganisha maji na watu

Bonde la mto lina jambo ambalo ufukwe au msitu hauna: kinachofanyika juu hulipiwa chini. Mteremko uliofyekwa unatiririsha udongo, maji yanachafuka kilomita nyingi chini, na mvuvi wa ndoana haoni samaki wala samaki haoni chambo. Kama ripoti yako haionyeshi mnyororo huo, imehesabu wageni tu.

Gawa mto katika sehemu, kila moja na vipimo vyake: mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde, uwazi wa maji, bakteria. Kwa kuogelea, kigezo cha Marekani cha 2012 ni wastani wa kijiometri (unaopatikana kwa kuzidisha vipimo, si kuvijumlisha) usiozidi bakteria wa kinyesi, E. koli, 126 kwa mililita 100, na hutoa msingi mzuri wa kulinganisha panapokosekana kigezo cha karibu. Kisha piga picha za mahali palepale, kutoka pembe ileile, maji yakiwa chini, ya kati na juu, na uandike mtiririko wa kila picha. Muonyeshe mhojiwa: "Maji yangekuwa hivi msimu mzima, ungekuja mara ngapi?" Aliyesema 6 kwa hali ya sasa na 4 kwa maji machache amepoteza ziara 2, yaani 50 kwa mwaka kwa ziada ya 25. Usitarajie mstari ulionyooka. Rafti hukwama maji yakiwa machache na huwa hatari yakiwa mengi. Thamani hupanda, kisha hushuka.

Unaweza pia kuuliza moja kwa moja utayari wa kulipa. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta mwaka 1989, jopo lililoongozwa na wachumi Kenneth Arrow na Robert Solow lilitoa mwaka 1993 masharti ambayo bado ni dira: uliza kwa mfumo wa kura ya ndiyo au hapana kwa kiasi kimoja kilichotajwa, uliza angelipa nini badala ya angedai nini, na umkumbushe kuwa fedha hiyo itapunguza matumizi yake mengine na kwamba kuna mito mingine. Swali la wazi, "ungelipa kiasi gani?", huleta sifuri za hasira na tarakimu za ndoto.

Ukikosa fedha za uwandani kabisa, azima thamani kutoka mto mwingine wenye shughuli, ukubwa na kipato cha watu kinachofanana, uirekebishe kwa mfumuko wa bei. Lakini idadi ya watu usiiazime.

Hatua ya 9: Andika matokeo

Mchango kwa uchumi na ziada ya mlaji vikae katika majedwali mawili, na visijumlishwe kamwe. Kila tarakimu iwe na kiwango cha chini na cha juu. Taja gharama pia: taka, uokoaji, kingo zilizomomonyoka kwa kukanyagwa. Eleza hali ya hewa ya mwaka uliopimwa, kwa kuwa msimu mmoja wa mvua nyingi unaweza kuwaondoa nusu ya waogeleaji bila chochote kuharibika.

Katika faili la data futa majina, namba za simu na namba za magari. Acha eneo alikotoka mtu kwa ukubwa wa kata. Hifadhi karatasi za usahihishaji wa kila mashine pamoja na picha ya jinsi ilivyofungwa, kimo chake na uelekeo wake, ili atakayehesabu msimu ujao aifunge palepale.